Mkunjo wa Mwisho

Karakana ya miwani
4 Februari

Mjomba mpendwa, shikamoo.

Kitabu kimefika, na kamba yake, na harufu yake ya gundi. Fundi mwenzangu alipofungua karatasi akauliza, "Huyu mjomba wako ametuma kitabu au ametuma karakana nzima?" Nimekisoma saa za chakula cha mchana, nyuma ya mashine ya kusagia vioo, mpaka msimamizi wetu akataka kujua kama nimeanza kusomea uwakili.

Kwa kuwa jalada lake la zamani lilipotea na jina lake, hapa tumekiita Kitabu cha Sanduku. Yule mwanamke anavyotoka kwa mumewe na sanduku lake la bati, anavyohangaika kufua nguo za watu, halafu mwisho anarudi, analiweka sanduku chini, anabisha mlango. Basi, imekwisha hapo hapo. Nilikifunga nikabaki nimekishika tu.

Sasa nina swali, na usinicheke. Kuna mwanamke hapa kazini ameondoka kwa mumewe. Huyo mume hapigi mtu. Anafunga mlango kwa nje anapotoka, anasema ni kwa usalama wake mke. Anamsahihisha mbele ya wageni, mpaka mwenyewe amezoea kumeza maneno kabla hayajatoka. Siku hizi anamwandikia arudi, anasema amebadilika. Na yeye amesoma kitabu hiki, anauliza kinamfundisha nini. Nikamwambia angoje, ninaye mtu aliyesoma kila kitabu kilichochanika nchini.

Niandikie hapa hapa kazini. Nyumba inapakwa rangi na harufu yake inanibana kifua, kwa hiyo nimehamia kwa fundi mwenzangu kwa muda.

Mkaza mjomba ameniandikia kwamba unasoma gazeti umelinyoosha mbali kama unayefukuza nyuki. Nenda ukapimwe macho, unitumie vipimo, miwani nitakusagia mwenyewe. Hakuna atakayekucheka.

Mpwa wako


Karakana ya kushona vitabu
13 Februari

Mwanangu, marahaba.

Macho yangu ni mazima. Mikono ndiyo imekuwa mifupi.

Nimefurahi umekipenda kitabu. Mteja aliyekileta alikileta kimefungwa kamba kama kuni, mgongo umevunjika, nusu ya kurasa ziko huru. Nilikifumua chote, nikakishona upya, nikakata kingo zake zikawa laini kama sabuni. Mteja hakurudi. Nikakisoma kwa jioni chache, na nilipofika pale mlangoni nilivuta pumzi. Nikasema hiki ni cha mpwa wangu.

Swali la mwenzako ni zuri, nami sitalijibu juu juu. Unajua nilivyosoma mimi. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo kila kitabu kilicholetwa hapa kikiwa mgonjwa nimekisoma kabla ya kumrudishia mwenyewe. Nimesoma sheria za ardhi, nimesoma magonjwa ya ng'ombe, nimesoma mapenzi ya kila aina. Watu hudhani mafunzo yamo kwenye sentensi nzuri nzuri. Mimi nasema yamo pale mwandishi anapoamua kunyamaza. Huyu wetu amenyamaza mlangoni. Hakutuambia mume alijibu nini kwa sababu jibu la mume halina uzito tena. Mwanamke amekwishashinda kwa kubisha.

Kwa hiyo mwambie mwenzako hivi: kuondoka kunataka hasira na miguu tu. Ushujaa ni kurudi kubisha mlango ulioubamiza mwenyewe.

Hiyo sentensi nimemsomea mkaza mjomba wako kwa sauti, akasema niiandike ukutani. Alikuwa ananikejeli, lakini huenda nikaiandika.

Mwambie mumeo asipake rangi ya bei rahisi. Inabanduka.

Mjomba wako


Karakana ya miwani
22 Februari

Mjomba, shikamoo.

Nyumba haipakwi rangi.

Nimeandika sentensi hiyo kwenye karatasi nyingi na kuzichana. Mwanamke wa kazini ni mimi. Nalala kwa fundi mwenzangu tangu Desemba, kwenye godoro linalotandikwa baada ya watoto wake kulala na kukunjwa kabla hawajaamka, ili wasiulize maswali. Hawajaniambia neno baya hata moja, na hilo ndilo linaloniumiza. Naosha vyombo ambavyo sikulia chakula. Jana mtoto mdogo aliniuliza, "Wewe kwenu hakuna?" Mama yake akamfinya, nami nikajifanya sijasikia.

Nilishindwa kukuambia wewe. Siku ya harusi yangu ulisimama mahali pa marehemu mama, ukasema mbele ya watu wote kwamba umempa mume wangu, msimamizi wa ghala, kitu asichoweza kukihesabu. Watu walicheka sana. Nilikuwa naona aibu kukurudishia maneno yako.

Mume wangu anaandika kila wiki. Sasa nimesoma barua yako mpaka imelegea kwenye mikunjo. Ile ya kubisha mlango ulioubamiza. Naamini ni mimi huyo. Nimeamua kurudi Jumamosi ya wiki ijayo.

Lakini sitaki kufanya hivi kwa kukuficha tena. Wewe ndiye mtu mzima niliyebaki naye. Kama umebadili mawazo sasa unapojua ni nani uliyekuwa unamshauri, niandikie. Nitangoja jibu lako mpaka Ijumaa. Ukinyamaza, nitajua umekubali.

Mpwa wako


Karakana ya kushona vitabu
9 Machi

Mpenzi mpwa wangu,

Natumaini ulifika salama na kwamba mnaendelea vizuri wote wawili. Nimechelewa kujibu. Kulikuwa na kazi ya daftari za hospitali, nyingi sana, na mashine ya kukatia iligoma.

Barua yako niliipata. Niliipata mapema tu.

Hapa sote wazima. Mkaza mjomba wako anasalimia. Mvua zimeanza na karatasi zinavuta unyevu.

Kuhusu kile kitabu, nilitaka kusema kwamba usikitilie maanani sana. Vitabu ni vitabu. Mtu anakaa kwenye kiti chake anabuni, na mwingine anakaa kwenye kiti chake anasoma, na hakuna kati yao anayejua kilicho nyuma ya mlango wa mtu. Nikipata nafasi nitakueleza zaidi. Kuna jambo dogo la kiufundi.

Hujambo kweli? Niandikie mistari miwili tu. Andika chochote.

Mjomba wako


Nyumbani
17 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nachukua nafasi hii kujibu barua yako kwa niaba ya mke wangu, ambaye siku hizi hana muda wa kuandika. Tumekubaliana aache ile kazi ya vioo. Vumbi lake lilikuwa linamharibu kifua, na pale kulikuwa na watu wa kumjaza maneno.

Nataka kukushukuru, Mjomba, kama mwanaume kwa mwanaume. Alipobisha mlango Jumamosi ile sikuamini macho yangu. Nilipomuuliza nani amempa busara hii akanionyesha barua yako. Ile sentensi ya kurudi kubisha mlango nimeinakili kwa herufi kubwa na kuibandika nyuma ya mlango wetu, aione kila siku. Anaiona.

Usiwe na wasiwasi juu yake. Sanduku lake nimelipeleka ghalani, halina kazi hapa. Nikitoka nafunga mwenyewe na ufunguo natembea nao, ili asisumbuliwe na watu. Vitabu pia nimeona vipumzike. Mtu akisoma sana hujiona yumo ndani ya hadithi.

Karibu sana kwetu siku yoyote, ila utuarifu kwanza.

Mkweo


Nyumbani kwa mjomba wako
24 Machi

Mwanangu,

Mimi si mtu wa kalamu, unanijua, ila mwenye kalamu katika nyumba hii amekuwa bubu. Barua hii naituma kule kazini kwako, kwa yule fundi mwenzio, kwa kuwa nyumbani kwako barua zinasomwa na msimamizi wa ghala. Akikuona akupe. Asipokuona aitunze.

Nataka ujue kilichotokea kwa sababu mjomba wako hatakuambia mpaka aote mizizi pale kwenye kiti.

Jumatano, kabla ya Jumamosi yako, alikuwa anapaka gundi majalada. Unajua chini ya kazi wanatandika karatasi chakavu, ikilowa gundi wanatupa, wanavuta nyingine. Akavuta karatasi moja akaona neno "sanduku". Akavuta ya pili. Nilimsikia akisema "La," kama mtu aliyechomwa.

Kitabu, kwa alivyonieleza, kinashonwa kwa mafungu ya karatasi zilizokunjwa pamoja. Kila fungu wanaliita mkunjo. Alipokifumua kitabu chako, mkunjo wa mwisho ulitelezea kwenye rundo la chakavu, naye akashona bila huo. Halafu akakata kingo, na namba za kurasa zilizokuwa chini kabisa zikaenda na vipande, ndiyo maana hata wewe hukuweza kugundua. Yeye angegundua wakati wa kushona, angekuwa na macho. Lakini mwenzetu ni kijana bado, miwani ni ya wazee.

Kwa hiyo mwandishi hakunyamaza mlangoni, mama. Ni mume wangu aliyemnyamazisha.

Na barua yako ilikuwa mezani tayari. Nikamwambia kimbia posta, piga telegramu, Ijumaa bado haijafika. Akavaa koti. Akavua koti. Akasema, "Nitamwambia nini? Kwamba nimemwongoza mtoto wa dada yangu kwa kitabu ambacho nusu yake ilikuwa sakafuni kwangu?" Akasema labda mume amebadilika kweli. Akasema ataandika vizuri, kwa utaratibu. Akaandika, akachana. Ijumaa ikapita akiwa anatafuta maneno ambayo hayatamvunjia heshima. Wateja husema yeye ni fundi asiyerudishiwa kazi, na nadhani aliipenda sifa hiyo kuliko alivyojua.

Tangu barua ya mumeo ije halali wala hali vizuri. Aliisoma mpaka pale mumeo aliposema sentensi yake imebandikwa nyuma ya mlango, akaiweka chini, akaenda uani kunawa uso. Nilimkasirikia, na bado namkasirikia, lakini nilimpelekea taulo.

Nilitaka nije mwenyewe nikutoe. Akasema tukifika tumearifu kwanza tutakuta nyumba imepangwa na wewe umepangwa. Leo ameanza kushona kitu. Hataki nikione. Ameenda kupimwa macho asubuhi bila kuambiwa na mtu.

Mkaza mjomba wako


Karakana ya kushona vitabu
2 Aprili

Mkwe wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako ilinifikia na nimeitafakari sana. Unasema kweli, mke anayesoma hadithi hupotea humo. Mimi ndiye niliyemzoesha, na nakuomba radhi.

Ili kurekebisha, nakutumia kitabu cha manufaa. Ni cha mapishi. Kina supu, mboga, nyama, na namna ya kuhifadhi mabaki. Kilikuwa kimechakaa, nimekishona upya kwa mkono wangu. Tafadhali kipitie mwenyewe kwanza kama unavyopenda, kisha umpe. Mwambie mjomba wake amesema akisome kwa utaratibu, asiishie kwenye supu.

Mwambie pia kwamba safari hii kazi niliikagua.

Mjomba


Chumbani kwa fundi mwenzangu
29 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Niko kwenye godoro lile lile. Sasa halikunjwi. Watoto wameambiwa mimi ni shangazi, na yule mdogo ameridhika.

Ngoja nikueleze kwa mpangilio. Kitabu cha mapishi kilifika. Mume wangu alikifungua mwanzoni, akasoma namna ya kukaanga vitunguu, akakifungua mwishoni, akasoma namna ya kuhifadhi mabaki. Akanipa akisema, "Hatimaye mjomba wako ametuma kitu cha maana." Nikakiweka jikoni, sikukigusa. Nilikuwa nimekukasirikia, Mjomba. Nilidhani umeungana naye. Nilidhani hata wewe sasa unanitumia supu.

Kisha siku moja nikakumbuka "asiishie kwenye supu", maana alinifikishia salamu zako kama zilivyo, kwa kicheko. Nikafungua. Kati ya supu na mboga karatasi inabadilika, inakuwa ya njano, na uzi ni wa kwako, wa kurudia mara mbili. Kwenye mstari wa kwanza nikaona mlango unafunguliwa.

Unakumbuka kinachotokea. Mume anatabasamu, anampokea sanduku, analiweka juu ya kabati mahali asipofika mwanamke. Kisha anafunga mlango. Kurasa zote zinazofuata yeye anawaza atalishushaje. Kitu cha kupandia hakuna, kiti kimefichwa. Nami nilikuwa nikisoma huku langu liko ghalani, nikiwaza cheti changu cha kazi, nguo zangu, picha ya mama, nitavipataje, siku gani, kwa njia gani. Halafu yule mwanamke anatazama juu ya kabati na kuona kwamba kinachomfunga ni hilo sanduku. Anatoka mikono mitupu. "Alipofika kwenye ngazi,"

Basi. Karatasi imekwisha. Nikageuza, nikakutana na mchicha wa kuchemsha.

Mjomba, nilicheka mpaka nikaziba mdomo kwa kitambaa cha jikoni. Nikasema huyu mzee amekosea tena. Kisha nikakasirika. Kisha nikalia. Mkaza mjomba ameniambia sasa kwa barua nyingine kwamba ukurasa wa mwisho ulikuwa umekwisha kupakwa gundi na kutupwa kabla hujajua, kwa hiyo hata wewe hujui. Sawa. Wakati ule sikujua hilo.

Jumapili walikuja wageni ghorofani kwetu, wenzake wa ghalani na wake zao. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya wageni. Nilibeba chai. Nilisema jambo fulani kuhusu mvua, akanisahihisha, wote wakatazama vikombe vyao. Nikaweka sinia mezani. Nikasema, "Nashuka mara moja." Nikapita mbele ya sentensi yako nikatoka. Mkunjo wako nilikuwa nimeuficha kifuani, ndani ya nguo.

Siku zote nilikuwa nikingoja siku ambayo hakuna mtu wa kuniona, kwa aibu. Kumbe aibu ilikuwa upande wangu mara hii. Mbele ya wageni hakuweza kupiga kelele wala kunikimbilia. Nilimsikia akisema kwa sauti ya upole, "Usichelewe." Bila shaka aliwaambia nimefuata sukari.

Sasa kuhusu wewe. Nimesoma barua ya mkaza mjomba, mwenzangu aliitunza. Sitakudanganya kwamba sikuumia. Ijumaa ile nilisimama kwenye dirisha la posta mpaka karani akaanza kuzima taa. Hukuhitaji maneno mazuri. Ungeandika tu: kitabu hakijaisha. Ningebaki hapa. Hilo linaniuma, na bado litaniuma kwa muda, nawe uvumilie likikuuma pia.

Lakini usijipe aibu yote, nyingine ni yangu. Mimi nilijua. Nilipobisha mlango, kabla hajafungua, nilisikia akizungusha ufunguo taratibu, kama mtu anayefurahia mlio wake, nikajua yanipasa kugeuka. Sikugeuka. Nilikuwa nimechoka kulala kwenye godoro la watu, nikatafuta kitu cha heshima cha kunirudisha, nikakipata kwenye barua yako. Kama si sentensi yako ningetumia nyingine. Mtu anayetaka kurudi hupata fundisho hata kwenye magonjwa ya ng'ombe.

Vipimo vya macho nimevipata, mkaza mjomba alivitia ndani ya bahasha yake bila wewe kujua. Ni vibaya sana. Nimerudishiwa kazi yangu, na leo nimeanza kuvisaga vioo vyako. Utavaa mbele ya wateja, na wakikucheka utavumilia.

Na ukikaa jioni ukijiuliza yule mwanamke alifanya nini alipofika kwenye ngazi, usihangaike kutafuta ukurasa. Aliona aibu, akashika ukuta, akashuka.

Mpwa wako